Watoto wangu wanasaza chakula kila mlo: nipakue kiasi gani, na je, niwalazimishe kumaliza?

Mama Hidaya, Temeke

Ndugu zangu, ninaomba mawazo yenu katika jambo ambalo limeanza kuleta maneno nyumbani. Nina watoto wawili, wa kwanza ana miaka minne na wa pili ana mwaka mmoja na nusu, na karibu kila ninapoondoa vyombo ninakuta nusu ya chakula chao kimebaki. Mkubwa akipewa ugali kwa dagaa huanza kwa kuvitoa vichwa vya dagaa kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani, kisha huufinyanga ugali akatengeneza mbuzi, na mbuzi huyo akishachovywa kwenye glasi ya maji hapana tena wa kumla. Mdogo huupokea uji kwa furaha vijiko vya mwanzo, halafu huanza kuuweka shavuni bila kuumeza, na ukimwongezea hugeuzia uso ukutani na kuutema wote kifuani.

Mamamkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anashikilia kwamba mtoto haondoki mkekani mpaka sahani iwe nyeupe. Dada anayetusaidia kazi, kwa kuogopa lawama, humlaza mdogo mapajani, humkinga kiganja chini ya midomo na kumnywesha uji huku analia. Mimi roho hainipi, lakini nikisema ninaulizwa kama nina fedha za kumwaga jalalani, nami sina jibu, kwa sababu unga, mafuta na hao dagaa vinanunuliwa kwa jasho.

Niongeze kwamba asubuhi wote hunywa chai ya maziwa kwa maandazi, saa kumi hupata juisi au biskuti, na mdogo hupewa chupa ya maziwa kila anapolia. Sahani zao ni zilezile tunazotumia sisi wakubwa. Naomba kujua ni kiasi gani kinawatosha watoto wa umri huu, kama ni halali kuwalazimisha, na makombo yanayobaki niyafanye nini.

Muuguzi Mstaafu

Mama Hidaya, pole. Nitaanza na la dada, kwa sababu ndilo lenye hatari. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na uji unaomiminwa mdomoni wakati huo unaweza kuingia kwenye njia ya hewa badala ya kwenda tumboni. Katika wodi za watoto tumewapokea wengi wenye nimonia iliyoanza namna hiyo. Kumkaba mtoto kwa uji kukomeshwe leo, na dada aambiwe waziwazi kwamba bakuli likirudi na uji hatalaumiwa, maana bila kumwondolea hofu hiyo ataendelea kufanya hivyo mara tu utakapotoka kwenda kazini.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23 ni robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima kwa mlo, milo mitatu au minne kwa siku, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili baina yake. Hebu chukua bakuli ambalo mdogo wako hunyweshewa uji, lijaze maji, kisha uyapime kwa kikombe cha chai. Bakuli za plastiki zinazouzwa sokoni nyingi hubeba vikombe viwili na zaidi, ilhali tumbo la mtoto huchukua takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 10 huchukua kama gramu 300 basi. Huyo anayeuweka uji shavuni huenda ameshiba, na shavu ndiyo lugha aliyo nayo.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaelezwi kliniki kwa sababu ya foleni. Katika mwaka wa kwanza mtoto hukua kwa kasi ambayo hairudii tena: aliyezaliwa na kilo 3 hufikia karibu kilo 9 anapotimiza mwaka. Katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi tu. Kwa hiyo hamu yake ya chakula hupungua wakati uleule ambao mama anaona mtoto amekuwa mkubwa na kumwongezea upawa. Wasiwasi wako usiuweke kwenye sahani, uuweke kwenye kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukiendelea kupanda sambamba na mistari iliyochapishwa, mtoto anakula vya kutosha. Ukilala au ukishuka, au ukiona viganja vimekwajuka, homa za mara kwa mara au vidonda mdomoni, mpeleke akapimwe, na hakikisha amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, ambavyo hapa nchini watoto wa umri wa wanao hupewa kila baada ya miezi sita.

Sasa maziwa na chai. Maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku humshibisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu hata asione haja ya chakula, na watoto wa namna hii ndio tunaowakuta wamenenepa lakini damu imepungua. Chai, hata yenye maziwa mengi, huzuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini inaponywewa pamoja na mlo. Kama bado ananyonya, aendelee hadi miaka miwili au zaidi, lakini anyonyeshwe baada ya kula. Chupa uiondoe kabisa, maziwa yake ayanywe kwa kikombe. Juisi na biskuti za saa kumi ndizo zinazokuletea makombo ya saa moja usiku.

Mwisho, ukitaka uji mchache uwe na nguvu nyingi, rudi kwenye kimea, ambacho wataalamu wa lishe nchini walikifanyia kazi tangu miaka ya 1980 na ambacho siku hizi kimesahauliwa kwa sababu ya unga wa lishe wa dukani. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, uuanike ukauke kabisa, usugue machipukizi yatoke, ndipo usage. Pika uji mzito kama utakavyo, uuache upoe kidogo, koroga kijiko cha unga huo wa kimea, na katika muda mfupi utauona unalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Kisha urudishe jikoni uchemke tena. Mtoto atakunywa kikombe kimoja chenye unga mwingi badala ya viwili vya maji matupu. Ninasema ulezi kwa makusudi, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, na si kila nyumba itakuwa na subira ya kuyaondoa yote.

Bibi wa Pangani

Nimesoma yote, na kwa kuwa mamamkwe hayupo hapa kujitetea, mimi nitamsemea. Sisi tulilelewa kwenye sinia moja watoto sita au saba, na sikumbuki sinia lililorudi na kitu zaidi ya mifupa. Hapakuwa na fimbo. Wali ulipakuliwa katikati, mtu mzima mmoja alikaa nasi, na samaki alikuwa mbele yake yeye. Alimega akamtupia kila mmoja kipande upande wake, na hakuna aliyethubutu kuvuka mpaka wa mwenzake. Anayechezea chakula aliwakuta wenzake wameshamaliza, basi kesho yake hakuchezea tena.

Kinachonikera siku hizi ni kuona mama anamuuliza mtoto wa miaka mitatu, "Unataka kula nini, mwanangu?" Mtoto anataja chipsi, anapikiwa chipsi, halafu wali uliokuwa umeshapikwa unakwenda jalalani. Huyo aliyeusaza ni mama, si mtoto. Jungu likipikwa ni moja kwa nyumba nzima, na asiyependa atakula mlo unaofuata. Kwa hiyo mamamkwe asionekane mkatili; anachokililia ni heshima ya chakula, na heshima hiyo isipofundishwa kabla mtoto hajaenda shule, haifundishiki tena.

Baba Pacha, Nairobi

Shikamoo, Bibi. La jungu moja ninakubaliana nawe bila masharti, lakini sinia nina shaka nalo kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiketi kwenye sinia pamoja na ndugu wa miaka saba, tonge lake moja linakutana na matano ya wenzake, na sinia likirudi tupu watu hudhani wote wameshiba. Ndiyo maana wahudumu wa lishe husisitiza kwamba mtoto mdogo awe na kibakuli chake, ili anayemlisha aone kwa macho ameingiza kiasi gani. Akifikisha miaka mitatu au minne, anayejua kumega mwenyewe, aingie kwenye sinia na apate adabu hizo ulizozieleza, ambazo kwa kweli ninazitamani kwa hawa wangu.

Kuhusu sahani kuwa nyeupe, naomba nitofautiane na wewe kwa heshima. Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ambaye aligawa kazi ya mezani kwa namna iliyonisaidia sana: mzazi ndiye anayeamua chakula gani, saa ngapi na kiliwe wapi, mtoto ndiye anayeamua ale kiasi gani, au asile. Ukiitazama vizuri, Bibi, haiko mbali na jungu lako moja, kwa sababu mtoto haulizwi apikiwe nini. Tofauti ni kwamba akisema ameshiba anaaminiwa. Mtoto anayelazimishwa kumaliza alichopakuliwa na mtu mwingine hujifunza kusikiliza sahani badala ya tumbo, na mazoea hayo humfuata utu uzimani.

Na tusiwasingizie watoto kupita kiasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa kwetu Gigiri, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kati ya hizo tani milioni 631 zilitoka majumbani. Huo si ugali uliofinyangwa mbuzi. Ni chakula kilichopikwa kwa kukisia kwa macho, na mboga zilizonunuliwa nyingi zikanyaukia kwenye kona ya jiko. Kwangu unga wa ugali unapimwa kwa kikombe kabla ya kuingia sufuriani, na sukuma wiki inanunuliwa ya siku ile. Wanangu wanapakuliwa kidogo makusudi, kiasi ambacho mgeni angedhani tunawanyima, na sufuria hukaa mezani mbele yao. Mmoja huomba tena karibu kila siku; mwenzake hubandua maganda ya maharage kwa ulimi na kuyarudisha sahanini, akala kilichomo ndani. Nimemwachia. Maganda yale hayafiki hata kijiko kimoja, na vita vyake vingenigharimu zaidi ya hapo.

Mwalimu wa Awali, Morogoro

Ninafundisha watoto wa umri wa mkubwa wako, Mama Hidaya, na uji wa saa nne tunakunywa nao darasani, kwa hiyo nitazungumzia huyo wa mbuzi.

Kwanza, muda. Mtoto wa miaka minne mwenye njaa hula kwa dakika 20, na nusu saa inamtosha kabisa. Akianza kufinyanga, kwa kawaida njaa imekwisha, na mnayogombania hapo ni makombo tayari. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba ukiona mbuzi unajua ameshiba, ondoa sahani, na usimpe chochote isipokuwa maji mpaka mlo unaofuata. Siku za mwanzo atalalamika saa kumi, na bibi yake atamwonea huruma. Hapo ndipo mpango mzima huvunjikia, kwa hiyo zungumza na mamamkwe mapema na kwa adabu, ikiwezekana mumewe akiwepo (samahani, nimekusudia mumeo), ili biskuti isipite mlango wa nyuma.

Pili, vichwa vya dagaa. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hupitia kipindi cha kuogopa chakula chenye sura ngeni au chungu, na kichwa cha dagaa kina macho na uchungu vyote pamoja. Ukiwakausha dagaa vizuri, ukawatoa vichwa na matumbo na kuwatwanga, unga wake unaingia kwenye mchuzi wa nyanya na hata kwenye uji wa mdogo, na hutaona tena gwaride ukingoni mwa sahani. Lakini usiufiche siku zote. Mboga mpya huhitaji kuonekana sahanini mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla mtoto hajaikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya pili au ya tatu wakatangaza kwamba mtoto "hapendi mchicha". Ili majaribio hayo yasikupotezee mboga, weka kiasi cha ncha ya kijiko tu, kando ya kile anachokipenda, usiseme neno, nawe ule wako mbele yake.

Kwetu darasani mabadiliko makubwa yalikuja tulipowaachia watoto wajipakulie kwa kikombe kidogo chenye mkono, mmoja mmoja, kwa foleni. Ungetegemea fujo, na uji humwagika kweli, lakini unaobaki vikombeni umepungua sana, kwa kuwa mtoto aliyejipimia mwenyewe humaliza kwa fahari. Anayetaka zaidi anarudi kwenye foleni.

Ndugu Baba Pacha amemtaja Satter. Mimi humkumbuka daktari Clara Davis, ambaye kuanzia mwaka 1926 huko Marekani aliwaacha watoto 15 waliokuwa wameacha kunyonya wajichagulie chakula kutoka katika orodha ya vyakula 34, kwa muda mrefu, bila mtu kuwashauri hata kwa jicho. Walikuwa wenye afya nzuri. Mmoja aliyeanza na matege alijinywea mafuta ya samaki yaliyowekwa kwenye treya yake mpaka akapona, kisha akayaacha. Wengi huisimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba mtoto aachwe ale anachotaka, na hapo huwa ninawakatiza, kwa sababu Davis mwenyewe alieleza kwamba siri ilikuwa kwenye orodha: nyama, samaki, mayai, nafaka, matunda, mboga na maziwa, bila sukari wala kitu cha kukaangwa. Uhuru walikuwa nao watoto, lakini orodha iliandikwa na mtu mzima. Weka chipsi na juisi kwenye orodha hiyo uone kama kuna atakayegusa kabichi.

Mama Hidaya, Temeke

Ninawashukuru nyote, na ninamshukuru Bibi zaidi, kwa sababu nilipomsomea mamamkwe maneno yake alicheka akasema afadhali yupo anayemjua. Amekubali tununue vibakuli vidogo, na yeye ndiye atakayepakua. Nimeona ni vizuri kazi hiyo iwe mkononi mwake kuliko awe mtazamaji. Bakuli la mdogo nimelipima kama nilivyoelekezwa, na limemeza vikombe viwili na robo.

Nimebakiwa na swali la makombo. Dada huufunika uji uliobaki kwenye kibakuli cha mtoto na kumpa tena saa kumi. Vilevile wali wa usiku tunaufunika mezani ukawa kiporo cha asubuhi, na watoto wanakipenda kuliko maandazi. Je, kuna ubaya?

Muuguzi Mstaafu

Hayo ni mawili tofauti. Uji ambao kijiko kimekwenda mdomoni na kurudi ndani yake umeshaingiwa na mate, na vijidudu vyake huzaliana haraka katika joto la Dar es Salaam. Huo usiwekwe, aunywe mtu mzima papo hapo au umwagwe. Dawa yake ni kutompelekea mtoto bakuli zima. Uji ukae kwenye chupa ya chai iliyosafishwa vizuri, umiminwe robo kikombe kwa robo kikombe, na kile ambacho hakijaguswa kitabaki safi, almuradi kibaki cha moto mpaka atakapokunywa.

Wali una hatari yake ambayo watu hawaitegemei. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi wali unapoiva, na wali ukikaa nje usiku kucha mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mtu mzima atatapika na kuendelea na shughuli zake, lakini mtoto wa kilo 10 anaweza kuishiwa maji mwilini haraka. Kama mna jokofu, utandazeni wali kwenye sinia upoe upesi, uingie jokofuni kabla ya saa mbili kupita tangu uive, uliwe kesho yake baada ya kupashwa mpaka utoe mvuke kote, na usipashwe mara ya pili. Kama hamna jokofu, kiporo cha wali kisiwe chakula cha watoto, hasa wa nazi, ambao huchacha mapema zaidi. Pikeni pungufu usiku.

Bibi wa Pangani

Mwambie mwenzangu huyo ninamsalimu, na mwambie asitumie upawa. Apakue kwa kijiko cha mezani, vijiko vinne vya wali kwa mkubwa na viwili kwa mdogo kwa kuanzia, mchuzi uwekwe kando, usimwagwe juu, kwa kuwa wali mkavu ukibaki kwenye chungu mtu mwingine ataula, lakini uliolowa mchuzi hauna mwenyewe. Ukoko aubandue, awape waumung'unye wakati anaosha vyombo. Makombo yaliyoshikwashikwa, kama jirani ana kuku, yawekwe kwenye ndoo yenye kifuniko na kupelekwa jioni ileile, yakiwa hayana chumvi nyingi wala mifupa ya samaki. Huku kwetu jirani wa namna hiyo hurudisha ndoo na mayai mawili ndani.

Na huyo mkubwa mwenye mbuzi, apewe donge la unga mbichi wakati ugali unasongwa, afinyange hukohuko jikoni.